Kijana anayesomea nyumbani na ligi ya shule: sheria ya Ohio, tarehe zake, na swali la haki

mama_wa_wawili

Habari zenu wote. Tuko Columbus, Ohio. Mtoto ni wa kiume, miaka 14, anasomea nyumbani tangu darasa la 6 na mwaka huu anaingia la 9. Anataka kukimbia mbio za nyika na timu ya sekondari ya serikali ya eneo letu, na baridi ikiingia ajaribu mpira wa kikapu. Naomba msaada kwa mambo mawili. La kwanza ni utaratibu: je, ni haki yake au ni hisani ya shule? Karatasi gani zinatakiwa, lini, na kwa nani? La pili ni gumu zaidi. Wapo wazazi wenzetu wanaosema mtoto asiyeamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule hana sababu ya kuvaa jezi ya shule. Mnaolijua jambo hili mnasemaje? Wanaopinga nao waseme. Nataka hoja, siombi kuungwa mkono tu.

karani_wa_michezo

Dada, nianze na sheria maana ndiyo yenye tarehe.

Kwa Ohio ni haki. Tangu 2013 sheria ya jimbo, kifungu 3313.5312, inaitaka kila wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za serikali za eneo, impe mtoto anayesomea nyumbani nafasi ya kushiriki michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa katika shule ambayo angepangiwa kama angeandikishwa. Yashike hayo maneno ya mwisho. Kinachoamua ni anwani ya nyumba mnayolala. Sifa za kocha na idadi ya makombe havihesabiwi. Tena jihadhari: bahasha zenu kuandikwa "Columbus" hakumaanishi kwamba mko wilaya ya shule ya Columbus. Mitaa mingi yenye anwani ya Columbus iko chini ya wilaya jirani kama Westerville, Hilliard, Dublin au South-Western. Ipigie ofisi ya wilaya, wape anwani, uombe wakujibu kwa barua pepe ni shule ipi. Usitegemee jibu la simu.

Wilaya hairuhusiwi kumwekea mtoto wa nyumbani masharti ya ziada wala kumtoza ada kubwa kuliko wenzake. Ila yote yanayowahusu wenzake yanamhusu na yeye: umri, nidhamu, kuhudhuria mazoezi, uchunguzi wa afya, na ada ya michezo kama wilaya inatoza.

Sasa mahali watu wanapojikwaa. Msingi wa kila kitu ni taarifa ya kusomesha nyumbani unayompelekea mkuu wa wilaya ya shule (superintendent). Sheria ilipobadilishwa 2023 taarifa hiyo ikawa fupi: jina na anwani yako, jina la mtoto, na ahadi kwamba atafundishwa Kiingereza, hisabati, sayansi, historia, mambo ya serikali na maarifa ya jamii. Kwa anayeendelea, mwisho wa kuipeleka kila mwaka ni Agosti 30. Wazazi huiona tarehe hiyo wakatulia. Lakini mazoezi rasmi ya michezo ya vuli kwa kawaida huanza Agosti 1! Ukingoja hadi Agosti 30 hujavunja sheria ya elimu hata kidogo, ila mtoto ameshapoteza mwezi mzima, timu imeshachujwa, na mkurugenzi wa michezo wa shule hana karatasi ya kuonyesha kwamba kijana huyu anatambulika.

Mkuu wa wilaya ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi kwamba ameipokea. Hesabu kurudi nyuma kutoka Agosti 1 na unaangukia Julai 18. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kweli kwenu, na bado ni ya kubahatisha kwa sababu Julai watumishi wengi wa ofisi wako likizo. Ipeleke siku za kwanza za Julai, mwaka wa shule wa kisheria unapoanza, kwa barua ya rejista yenye kurudishiwa saini. Jibu likija, piga nakala tatu.

Nakala moja ni ya mkurugenzi wa michezo. Yeye ndiye mtu wako, usianze na kocha. Mwandikie Mei au Juni, kabla shule hazijafungwa, umwambie jina la mtoto, darasa, anwani na mchezo anaoutaka. Shule nyingi za Ohio hujaza fomu za michezo mtandaoni kupitia FinalForms, na mtoto asiye kwenye daftari la shule huenda asionekane humo mpaka mtu wa ofisini amwingize. Omba jambo hilo lifanyike mapema. Ukishaingia utakuta fomu ya uchunguzi wa afya ya chama cha michezo cha jimbo, OHSAA, karatasi ya mtikisiko wa ubongo, karatasi ya sheria iitwayo Lindsay's Law kuhusu moyo kusimama ghafla, na idhini ya matibabu ya dharura. Zote zinataka saini ya mzazi, na nyingine ya mtoto pia. Halafu kuna mkutano wa wazazi kabla ya msimu. Huo nao ni wa lazima.

mwalimu_hesabu

Mimi ni wa upande wa pili, na nashukuru umeomba tuseme.

Karani ameeleza sheria vizuri. Tatizo langu ni kile ambacho sheria hiyo haikigusi. Mtoto aliyeandikishwa shuleni Ohio hachezi mpaka awe amefaulu masomo yasiyopungua matano yenye uzito wa krediti moja moja katika muhula wa alama uliotangulia. Akifeli algebra na baiolojia Oktoba, anaweza kukaa nje hadi alama zinazofuata. Mtoto anayesomea nyumbani anatakiwa tu awe ametimiza masharti ya kuendelea kusomea nyumbani, na tangu 2023 Ohio haidai tena ile tathmini ya kila mwaka iliyokuwa ikipelekwa kwa mkuu wa wilaya. Maana yake mama ndiye mwalimu, ndiye msahihishaji, ndiye anayesema mtoto amefaulu. Sisemi akina mama wanadanganya. Nasema watoto wawili wanavaa jezi moja, na mmoja analindwa na kalamu ya mzazi wake wakati mwingine yuko chini ya kalamu ya mtu baki.

Pili ni fedha. Watu hupenda kusema "tunalipa kodi ya nyumba, kwa hiyo uwanja ni wetu." Nusu yake ni kweli. Kodi ya nyumba mnalipa, na mpangaji anailipa ndani ya kodi ya pango. Lakini fedha za jimbo huja kwa kuhesabu wanafunzi walioandikishwa, na wa nyumbani hahesabiwi. Basi la kwenda mashindanoni, mwamuzi, mtaalamu wa majeraha anayesimama kando ya uwanja, vyote vinalipiwa na bajeti ambayo kijana huyo hakuiongezea kitu.

Tatu ni darasa. Mwanafunzi wa sekondari ana mihula mikuu minane ya kustahiki tangu aingie darasa la 9, yaani miaka minne, basi. Aliyeko shuleni saa yake inaanza kwenye daftari ambalo mzazi hawezi kulifuta. Nyumbani, mzazi mwenye tamaa anaweza kumchelewesha mwanawe mwaka mmoja zaidi katika la 8 ili aingie la 9 akiwa na mabega ya la 10. Sheria inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kuamua umri na darasa linalofaa, lakini ni wangapi wanafuatilia?

Kama ningeulizwa, ningekubali wacheze kwa sharti la mtihani wa nje, kama wanavyofanya Texas.

kocha_wa_nyika

Mwalimu ana hoja, lakini ametaja "michezo" kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Swali la haki lina jibu tofauti kwa kila mchezo, na mama ametaja miwili iliyo mbali kabisa.

Mbio za nyika: kilomita 5. Timu hupata pointi kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wake watano wa kwanza, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wakimaliza wa 3, 8, 12, 20 na 25, hiyo ni pointi 68. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, ila wakimaliza mbele ya watu wa timu nyingine wanazisukuma nafasi za wapinzani nyuma. Katika mashindano mengi ya kawaida ya msimu kuna mbio za wakubwa na mbio za akiba, na shule inaweza kupeleka watoto 30. Akiongezeka mmoja, hakuna aliyebaki nyumbani. Ni mwisho wa msimu tu, kwenye hatua za mtoano za jimbo, ambapo wanaingia saba. Na hao saba wanachaguliwa na saa. Saa haijui nani alisoma wapi.

Mpira wa kikapu: robo nne za dakika 8, wachezaji watano uwanjani. Zidisha, unapata dakika 160 za kugawana kwa mechi nzima, na timu ina watoto 12 hadi 15. Kila dakika anayopewa mmoja imetoka kwa mwingine, na anayekatwa kwenye mchujo anakatwa kweli. Hapa ndipo mzazi wa aliyekatwa atauliza kwa uchungu, na ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba mtoto wa nyumbani naye ni mtoto wa mtaa huohuo, na kocha anayechagua kwa uwezo na nidhamu hana la kuficha. Lakini sitamwambia mzazi huyo kwamba hajapoteza kitu.

Dada, kwa vitendo. Kijana wako asingoje Agosti. Timu za nyika hukimbia pamoja kwa hiari Juni na Julai, na huko ndiko urafiki unakojengwa. Akija Agosti 1 akiwa mgeni kwa miguu na kwa sura, atateseka mara mbili. Mwambie kocha ukweli kuhusu kilomita anazokimbia kwa wiki. Watoto wa nyumbani wana kosa lao moja: asubuhi anakimbia peke yake kwa sababu ana muda, mchana anakuja mazoezini na kukimbia tena, na ikifika Septemba mfupa wa muundi unauma. Msimu ukianza, mazoezi ya timu ndiyo mazoezi. Asubuhi apumzike.

Ratiba nayo isikupite. Shule ikiisha mchana, mazoezi huanza karibu mara moja, na siku ya mashindano ya katikati ya wiki basi huondoka kabla ya hapo. Wenzake wanatolewa darasani. Wa kwako lazima uwe umemfikisha. Wakati wa kupandisha mahema ya timu, kufunga utepe wa njia, kubeba madumu ya maji, awe wa kwanza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hayo maneno ya jezi hupungua upesi watoto wakimwona ameshika jembe.

baba_dallas

Nitaje Texas kwa kuwa imeguswa, na kwa kuwa watu wetu wanahama sana kati ya majimbo, kazi ikihama nao wanahama.

Texas ilifungua mlango 2021 kwa sheria iliyoitwa HB 547. Kabla ya hapo ligi ya shule za serikali, UIL, iliwafungia kabisa wanaosomea nyumbani. Sheria ile iliiachia kila wilaya iamue, na nyingi hazikujishughulisha. Mwaka 2025 bunge likageuza mambo: sasa wilaya inahesabiwa imekubali isipokuwa bodi yake ipige kura ya kukataa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, soma kumbukumbu za vikao vya bodi ya wilaya hiyo.

Sharti la elimu ndilo analolitaka Mwalimu. Mtoto anafanya mtihani wa kitaifa unaolinganisha watoto na wenzao wa darasa hilo, kama Iowa au Stanford, na alama yake iwe ya wastani au zaidi. Matokeo yanatumika mwaka huo wa shule na mwaka unaofuata. Halafu wiki sita za kwanza zikipita, mzazi anapeleka maandishi kila kipindi cha alama cha shule, akithibitisha kwamba mtoto anafaulu kila somo. Hapo bado ni kalamu ya mzazi, lakini mtihani unaizuia kalamu isiende mbali.

Na kuna ufunguo mmoja niliotaka Mwalimu auone. Wengi wanaogopa mtoto anayefeli shuleni "atakimbilia nyumbani" ili aendelee kucheza. Texas imeziba: aliyekuwa ameandikishwa shule ya serikali katika mwaka huo wa shule hawezi kuchezea UIL kama mtoto wa nyumbani kwa muda uliobaki wa mwaka huo. Ohio nayo imeziba kwa njia yake: anayetoka katikati ya mwaka hupimwa kwa tathmini ya muda inayotolewa na wilaya aliyotoka, kwa kazi aliyoifanya akiwa huko. Kama alikuwa anafeli, anatoka na kufeli kwake.

Majimbo mengine kwa ufupi. Florida inaruhusu tangu 1996, na ndiko Tim Tebow, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, alikochezea sekondari ya Nease akiwa anasomea nyumbani, kisha 2007 akashinda tuzo ya Heisman akiwa chuoni. Ndiyo maana sheria hizi watu mara nyingi huziita kwa jina lake. Pennsylvania inaruhusu tangu Januari 2006, katika wilaya unayoishi. Virginia bunge lilipitisha mswada 2015, 2016 na 2017, na gavana wa wakati huo, McAuliffe, akauzuia usiwe sheria mara zote tatu. New York inataka mchezaji wa mashindano baina ya shule awe mwanafunzi aliyeandikishwa. Kwa hiyo anayehama kutoka Columbus kwenda Buffalo na mtoto wa darasa la 11, ajue anachokiacha.

muuguzi_wa_watoto

Naomba niongezee kwenye uchunguzi wa afya. Karani ameupitia kwa mstari mmoja, nami nautazama kama sehemu inayowachelewesha watoto wengi kuliko sheria.

Fomu ya OHSAA ina kurasa kadhaa. Ile ya historia hujazwa na mzazi na mtoto kabla ya kufika kliniki. Usiijazie kwenye kiti cha kusubiria. Mpigie bibi yake Tanzania au Kenya au Kongo kama ni lazima, uulize: kuna mtu katika ukoo aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Aliyezimia akikimbia? Mwenye selimundu au chembe zake? Swali la selimundu lina uzito wa pekee kwetu. Mtoto aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu huonekana mzima siku zote, lakini akisukumwa kwa nguvu kwenye joto bila maji na bila mapumziko, misuli inaweza kuharibika na kuhatarisha maisha. Kujua hakumzuii kukimbia. Kunamfanya kocha ampe muda wa kupumua kati ya mbio na mbio. Vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, hulipima jambo hili kwa wanamichezo wao, kwa hiyo si la kuficha.

Ukipiga simu kliniki, sema unataka uchunguzi wa kila mwaka wa mtoto na fomu ya michezo ijazwe katika miadi hiyohiyo. Bima nyingi, ikiwemo Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia uchunguzi wa mwaka, wakati ziara ya fomu peke yake mara nyingi inaachwa juu yako. Weka miadi Mei au Juni. Julai ya mwisho hupati nafasi. Kagua saini, tarehe, na kwamba kisanduku cha kuruhusiwa bila masharti kimetiwa alama. Fomu isiyo na tarehe hurudishwa. Kama ana pumu, beba jina na kipimo cha dawa ya kuvuta, na awe nayo mfukoni mazoezini.

Jambo jingine ambalo ofisi za shule hawatawaambia. Familia nyingi zilizokuja kwa njia ya ukimbizi zina watoto walioandikiwa Januari 1 kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuwepo. Tarehe hiyo ndiyo umri wa mtoto wako kwenye michezo, hata kama wewe unakumbuka alizaliwa msimu wa mvua. Usijaze tarehe moja kwa daktari na nyingine shuleni kwa nia njema ya kusahihisha. Zikigongana, mkurugenzi wa michezo atamweka mtoto nje mpaka ijulikane ipi ni ipi. Kama tarehe ni makosa, isahihishwe kwanza kwenye hati za uhamiaji kwa msaada wa mwanasheria, mbali na msimu.

mshauri_wa_vyuo

Dada amesema kijana anaingia la 9. Hapo ndipo saa ya chuo inapoanza, na kwa wa nyumbani kosa la mwaka huu hugundulika miaka minne baadaye.

Akiwa na nia ya kukimbia chuo cha NCAA, anahitaji masomo ya msingi 16. Kwa vyuo vya daraja la kwanza (Division I) ni Kiingereza miaka 4, hisabati 3 kuanzia Algebra 1, sayansi 2, mwaka mmoja wa ziada katika moja ya hayo matatu, maarifa ya jamii 2, na miaka 4 mingine ya masomo yanayokubalika, kwa mfano lugha ya kigeni. Kumi kati ya 16 yawe yamekwisha kabla ya muhula wa saba, yaani kabla darasa la 12 halijaanza, na saba kati ya hayo kumi yawe Kiingereza, hisabati au sayansi. Wastani wa alama ni 2.3 kwa daraja la kwanza, 2.2 kwa la pili. Mitihani ya kuingilia chuo, SAT na ACT, haidaiwi tena na NCAA kwa ustahiki tangu 2023.

Mtoto wa shule, haya yote yako kwenye kompyuta ya shule. Wa nyumbani, yako kwako. NCAA watataka hati ya alama yenye tarehe aliyoanza la 9, majina ya masomo, alama, krediti, kipimo cha alama, tarehe ya kuhitimu na saini ya aliyesimamia masomo. Watataka uthibitisho kwamba mlifuata sheria ya jimbo, na hapo ndipo ile barua ya mkuu wa wilaya ya kila mwaka inapokuwa dhahabu. Na kwa kila somo la msingi watataka karatasi ya maelezo: vitabu vilivyotumika, mada zilizofundishwa, nani alifundisha, nani alitoa alama na kwa njia gani. Jaza karatasi hiyo mwezi somo linapokwisha. Mzazi anayejaribu kukumbuka kitabu cha jiometri cha miaka mitatu iliyopita huandika kwa kubahatisha, nao hurudisha maswali, na maswali hayo huja Juni wakati kocha wa chuo anataka jibu.

Mwalimu, kwa hoja yako ya kalamu ya mzazi: anayelenga chuo hana namna ya kuikwepa kalamu ya mtu baki. Wasiwasi wako unabaki kwa wale wasiolenga huko, na hao ndio wengi. Hapo nakubaliana nawe.

mwalimu_hesabu

Asante, Mshauri. Na Kocha amenifanya nigawe hoja yangu. Kwa mbio za nyika sina tena pingamizi la nafasi. Kwa mpira wa kikapu ninalo bado, na la alama linabaki kwa yote. Mama akitaka kulimaliza kabla halijaulizwa, ampe kijana mtihani wa nje kila mwaka hata kama Ohio haiudai, kisha matokeo ampelekee mkurugenzi wa michezo kwa hiari yake.

mama_wa_wawili

Mungu awabariki. Mtihani tutafanya, Mwalimu, umenigusa. Nimebaki na mawili. Akikatwa kwenye mchujo wa kikapu, sheria inamlinda? Na mdogo wake wa darasa la 7 anapenda kuogelea, lakini wilaya yetu haina timu ya kuogelea.

karani_wa_michezo

Kwenye mchujo, sheria inampa nafasi ya kujaribu sawa na wenzake. Nafasi kwenye timu haimpi. Kocha akimkata kwa uwezo, amekatwa. Unachoweza kulalamikia ni kama alizuiwa kujaribu, alipewa sharti ambalo wengine hawakupewa, au alitozwa zaidi. Hapo andika kwa mkurugenzi wa michezo, na akikaa kimya mwandikie mkuu wa wilaya, ukitaja kifungu 3313.5312. Na asikose siku ya kwanza ya mchujo kwa sababu msimu wa nyika umerefuka. Wakifika hatua za jimbo, mwambie kocha wa kikapu mapema kwa maandishi.

Kwa mdogo wake, kifungu hichohicho kinamruhusu mkuu wa wilaya nyingine kumpokea mtoto wa nyumbani katika shughuli ambayo wilaya yake haina. Neno ni "anaweza", halimlazimishi. Pata kwanza barua ya wilaya yenu inayosema hawana timu ya kuogelea ya darasa lake, uiambatanishe na ombi lako, umpelekee mkuu wa wilaya jirani miezi miwili au zaidi kabla ya msimu. Kocha wa kuogelea anaweza kukwambia mlete tu kesho. Usimlete mpaka kibali cha mkuu wa wilaya kiwe mkononi. Akishindana bila hicho, timu nzima inaweza kunyang'anywa ushindi wake, na hao watoto wengine hawatakuwa wamekosa lolote.